Nauli ya Kwenda Kuangalia Bata

Mtu mzima hulipa nauli kwa sababu zinazoeleweka: kazi, matanga, kesi, au mke akikaa sana kwao. Mpwa wangu hulipa nauli kwenda kuangalia bata. Hawanunui, hawachinji, wala hawarushii hata mkate. Anawaangalia tu, anaandika daftarini kwamba amewaangalia, kisha anarudi nyumbani na njaa.

Mimi ni mkaaji wa Kawangware, na Kawangware bata hatafutwi. Jirani yangu wa ploti anao, wanashinda kwenye mtaro nyuma ya choo wakichokora matope, na anayetaka kuwaangalia anawaangalia bure. Mwewe pia tunao, wale wa Stage 46 wanaoijua dakika kamili ambayo muuza kuku wa kukaanga atageuka kutafuta chenji. Kunguru ndio usiseme. Kwa maoni yangu, hao wanamtosha mtu yeyote anayelipa kodi ya nyumba.

Tatizo ni kwamba mpwa anaishi Kibera, Laini Saba, na kazi yake ni usoja wa usiku huko Lavington. Kazi ya usiku huharibu watu kwa njia nyingi. Wengine hunywa, wengine huokoka. Yeye alianza kusikiliza bundi. Kutoka kwa bundi akaingia kwa kwarara, wale ndege wanaopita alfajiri wakipiga mayowe juu ya mabati kana kwamba wameibiwa simu. Kisha akaenda soko la Toi akanunua darubini ya mtumba. Jicho la kushoto linaona. La kulia lina ukungu wa kudumu, na ukilifunga jicho hilo ili uone vizuri, unafanana na mtu anayelenga bunduki, jambo ambalo si zuri kwa kijana wa Kibera akisimama karibu na ua wa mtu tajiri. Muuzaji alimhakikishia kwamba ni darubini ya Ujerumani. Toi kila kitu kibovu ni cha Ujerumani.

Siku hizi Jumatano asubuhi akitoka kazini halali. Anatembea hadi Makavazi ya Kitaifa, pale Museum Hill, kukutana na watu wa ndege. Nilidhani ni mchezo ulioletwa juzi na vijana wa mitandaoni. Kumbe matembezi yenyewe yapo tangu miaka ya 70, na aliyeyaongoza miaka hiyo yote ni Mama Fleur Ng'weno, mjane wa Hilary Ng'weno yule wa jarida la Weekly Review. Chama chao, Nature Kenya, kilianzishwa 1909. Reli ilifika Nairobi 1899. Yaani mji una miaka kumi, wengi bado wanalala kwenye mahema na mabanda, na tayari wapo waliopata nafasi ya kuitisha kikao kuhusu ndege.

Sina ugomvi na chama. Ninachokilalamikia ni ratiba. Jumatano, saa mbili unusu asubuhi! Mwenye kazi hawezi kufika, na asiye na kazi hana nauli. Wanabaki wastaafu, wageni na masoja.

Basi siku moja akaja kwangu, akanywa chai yangu yote, akasema, "Khotsa, Jumamosi twende Naivasha tukaone ndege wa maji." Ndivyo anavyoniita mimi mjomba wake, na kwetu mwana wa dada hakataliwi. Angeomba jogoo ningempa. Akaomba Jumamosi yangu, ambayo ni ghali zaidi.

Nikamuuliza, Naivasha ya nini na ziwa liko nyuma ya nyumba yako?

Nilikuwa namchokoza, lakini sikusema uongo. Bwawa la Nairobi lilijengwa 1953 liwe akiba ya maji ya kunywa ya jiji. Lilikuwa na eneo la hekta 35 hivi. Mto Motoine unaingia kutoka upande wa Dagoretti, na Mto Ngong unatokea upande wa pili kuelekea viwandani. Palikuwa na klabu ya mashua za tanga. Tanga, ndugu msomaji, katikati ya Nairobi! Jumapili mabwana walikuwa wakivuta kamba na kugeuza matanga, huku upande wa pili wa maji Kibera ikiwatazama na moshi wake wa makaa. Samaki walivuliwa pale wakaliwa, na walaji hawakupelekwa hospitali.

Kisha miaka ya 90 likaja gugumaji, lile lenye maua mazuri na tabia mbaya, likatandaa ng'ambo hadi ng'ambo. Chini yake yakajaa matope na kila kitu kilichosukumwa na mvua kutoka vijiji vya Kibera ambako bomba la majitaka halikufika. Na ni kitu gani kilichosukumwa na mvua? Wewe unajua. Watu wa Kibera walishazoea kutazama juu kabla mpwa hajanunua darubini, kwa sababu palikuwa na enzi ambapo mifuko iliyofungwa vizuri ilirushwa gizani kutoka dirisha moja kwenda mahali pasipojulikana. Vyoo vya kulipia vimepunguza usafiri huo wa anga, lakini mwenye umri wangu bado akipita uchochoroni usiku huinua shingo.

Tulikwenda kulitazama hilo bwawa kwa sababu nilisisitiza. Tukasimama upande wa Highrise. Mpwa akafunga jicho la ukungu, akainua darubini, akapekua hekta zote 35. Mbele yetu palikuwa na nduma zilizonawiri vibaya sana, miwa, vitalu vya sukuma wiki, na kijia watu wanachopita kwa miguu mahali ambapo mashua zilikuwa zikigeuka. Aliona yangeyange kadhaa, fundichuma mmoja, na mama aliyeinama akikata majani ya nduma. Aliwaandika wote isipokuwa mama.

"Na bata?"

"Bata hana pa kutua, Khotsa. Bata anataka maji yaliyo wazi."

"Na hizi nduma huuzwa wapi?"

Hakujibu hilo. Nyumbani nimewaambia kwamba kwa sasa chai tutainywa na mkate.

Kwa hiyo Jumamosi tukaamkia Nyamakima. Magari ya Naivasha yapo pale, na makanga walituapia kwamba wamebakisha abiria wawili tu. Sisi ni wawili, gari limejaa, ni nini tena? Tulipoketi na kulipa, nusu ya abiria wakasimama wakashuka. Walikuwa watu wa kukodiwa, kazi yao ni kukalia viti ili gari lionekane linaondoka. Mmoja alikuwa amejifanya amelala, na mate yanamtoka. Kipaji cha namna hiyo kiko Nyamakima kinakalia viti vya matatu, na sinema za Kenya zinalalamika hazina waigizaji. Tukangoja jua likawaka.

Tulipofika Limuru, mpwa akaruka kitini na kupiga kelele, "Wale! Wale! Upande wa kushoto!" Dereva akakanyaga breki. Makanga akamkandamiza chini abiria wa ziada. Mwanamume wa mbele akafunga mkanda ambao nadhani haukuwahi kufungwa tangu gari liingie nchini. Sote tukawatafuta polisi. Hapakuwa na polisi. Palikuwa na bwawa la Manguo, ubavuni mwa barabara kuu, na juu yake bata wa mdomo wa njano wakijiogelea bila habari na mtu. Mama mmoja aliyekuwa amepakata gunia la vitunguu aliniuliza kwa upole kama kijana anatumia dawa zake. Nikamwambia simjui, tumekutana kwenye gari.

Ninachouliza hadi leo ni hiki. Manguo iko hapo, nusu ya nauli, maji wazi, bata tele. Mbona hatukushuka? Mpwa anasema Manguo ameshaikamilisha.

Naivasha yenyewe tuliingilia Karagita, ufuoni mahali pa umma, ambapo watu wa boti walituona kabla hatujawaona. Bei ya boti huanza kwa ile ya mzungu, ikishuka inafika ya Mhindi, kisha ya Mkenya mwenye gari, na ukivumilia huku unajifanya unaondoka utaipata ya mtu wa matatu. Kuifikia bei hiyo kulichukua muda mrefu kuliko safari ya boti. Tukavishwa majaketi ya kuelea yenye unyevu wa watu wengine, tukasukumwa majini.

Nakubali kwamba ziwa ni kubwa. Tena linazidi kuwa kubwa bila kuomba ruhusa. Maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda kwa zaidi ya mwongo mmoja, na Naivasha limeingia mitaani. Kule Kihoto watu walihama nyumba zao 2020, na 2025 wakahama tena, maji yakiwa yamefika madirishani na viboko wakikagua vyumba. Mwendesha boti alituonyesha migunga iliyokufa imesimama ndani ya maji, mirefu, mieupe, haina jani hata moja. Mti ulizama ukiwa hai. Juu ya kila tawi alikaa mnandi, mweusi, ametandaza mabawa mawili kama nguo kwenye kamba. Nikadhani ni maringo. Mpwa akaeleza kwamba manyoya ya mnandi hulowa anapozamia samaki, sasa akimaliza lazima ajianike ndipo aruke vizuri. Hilo nililielewa mara moja. Nimewahi kuwa na shati moja.

Ndege wa maji wana tabia, na hiyo nasema kwa sababu nililipia kuziona. Kukuziwa ni weusi wenye kipaji cheupe, wanatembea kwa makundi na kugombana muda wote, hakuna anayejua ugomvi ulianzia wapi. Bata bukini wa Misri huenda wawili wawili, mume na mke, na mke ndiye msemaji. Mwari huelea kwa heshima ya mwenyekiti wa kamati ya harambee, mfuko wazi, akisubiri uchangiwe. Kibisi ni mdogo kuliko shida aliyotusababishia: mpwa akimhesabu anazama, akiibuka anaibukia kwingine, kwa hiyo hatukujua kama tumeona kibisi wengi au mmoja mwenye bidii.

Halafu yuko furukombe. Mwendesha boti alitoa samaki mdogo kwenye ndoo, akapiga mluzi, akamrusha majini. Kutoka mti wa mbali furukombe akajiachia, akaja moja kwa moja, akanyoosha miguu, akamnyakua samaki na kurudi kazini kwake. Watalii wa boti ya pili wakapiga picha na kupiga makofi. Huyo ndege ameajiriwa. Ana saa za kazi, ana mwajiri anayemwita kwa mluzi, na analipwa papo hapo, kwa samaki. Mpwa wangu hulipwa tarehe kumi na mbili, na kwanza apige simu.

Nikauliza flamingo wako wapi, maana ndio ndege pekee niliyekuja nikimjua, kwa sababu ya kalenda ya kinyozi wangu. Nikaelezwa kwamba flamingo anataka maji ya magadi, si haya matamu. Basi Nakuru? Nakuru nako maji yamepanda, magadi yamezimuliwa, ule mwani wa kijani anaoula umepungua, na wengi wamehamia Bogoria na kwingineko. Kinyozi hajaambiwa.

Sasa nije kwa swali ambalo kila mtu wa nyumbani angeuliza, nami niliuliza. Niliona bata mnene, ametulia, kifua hiki, hatua chache kutoka kwenye boti. Nikamwuliza mwendesha boti, "Na huyu analiwa?"

Boti ikanyamaza. Mpwa akatazama maji. Mwendesha boti akanijibu kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa, "Mzee, huyo ni wa serikali." Najua Kenya ilipiga marufuku uwindaji, sikusema nina bunduki. Niliuliza kama analiwa. Mtu anaweza kuuliza bei ya ploti Karen bila kukusudia kuinunua.

Tulikula samaki wa kukaanga kibandani, na hapo, mdomo ukiwa umejaa ugali wangu, mpwa akatoa habari iliyoniharibia siku. Alisema Naivasha ni nzuri, lakini kwa bata hasa, watu wanaojua wa Nairobi huenda Ruai.

"Ruai kuna ziwa?"

"Kuna mabwawa ya majitaka, Khotsa."

Nikaweka samaki chini. Akaendelea bila huruma. Yale mabwawa, yanayoitwa ya Dandora ingawa yako Ruai, kilomita kama 30 mashariki mwa jiji, ndiko sehemu kubwa ya majitaka ya Nairobi inakopelekwa kwa mabomba. Hayana mitambo ya ajabu. Maji yanaingia bwawa la kwanza, uchafu mzito unatuama, yanapita la pili, la tatu, mapana na wazi kwa jua, na vijidudu pamoja na mwani vinafanya kazi iliyobaki hadi yarudi mtoni. Vijidudu vikinawiri, wadudu wa maji wananawiri, na bata wanakuja kula. Kuanzia Oktoba wanafika bata kutoka Ulaya na Siberia, wale wenye mdomo mpana wa kuchujia maji, pamoja na sululu na wenzao wa miguu mirefu, wanakaa hadi karibu Aprili. Wataalamu wamelitia eneo hilo kwenye orodha ya maeneo muhimu ya ndege nchini. Kuna watu wanatoka ng'ambo na darubini zenye macho mawili mazima, wanaomba kibali, wanasimama kwenye kingo za yale mabwawa na kuvuta pumzi.

Mimi hukaa nikafikiri polepole, lakini nikifika nimefika. Kumbe bata hana shida na uchafu! Bata amevuka jangwa la Sahara bila viza, akaziona fuo na mito yote ya Afrika, akachagua kutua kwenye kile tulichovuta kamba kikashuka. Basi Bwawa la Nairobi limemkosea nini? Linapata kitu kilekile, kutoka kwa watu walewale, pengine kibichi zaidi. Ruai kimepewa bomba, kikapewa mlinzi, kikapewa bwawa la kwanza na la pili na la tatu, na gugumaji halikuruhusiwa kufunga mlango. Kibera kimepewa mvua. Ndiyo sababu nilitoka Kawangware hadi Naivasha na kurudi kutazama kile ambacho mpwa angekitazama akiwa ameketi mlangoni kwake Laini Saba, miguu ndani ya beseni. Bei ya bomba sijaiuliza, lakini nauli ya Naivasha naijua.

Nilimwambia hayo kwa sauti, kibanda kizima kikasikia. Mwenye kibanda akatuletea bili.

Tuliporudi garini (gari la kurudi lilijaa lenyewe, bila waigizaji) akaona nimekunja uso, akadhani ataniburudisha na habari za sensa. Kila Januari, alisema, watu wa Makavazi na watu wa kujitolea huenda kuhesabu ndege wa maji kwenye maziwa na mabwawa. Wamekuwa wakifanya hivyo Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 90, na nchi nyingi duniani huhesabu msimu huohuo. Bata mmoja mmoja. Kila mwaka.

Kila mwaka! Kibera huhesabiwa kila baada ya miaka kumi, na hata hapo hatuelewani. Kwa miaka mingi kila mgeni aliyetembezwa kule aliambiwa wako milioni moja, wengine wakaongeza. Sensa ya 2009 ikaja ikasema Kibera kuna watu 170,070. Watu laki nane na zaidi walitoweka kwa siku moja, na hakuna aliyetoa tangazo la kuwatafuta. Kibisi akizama, angalau kuna mtu na daftari anayengoja aibuke.

"Ndiyo maana wanahitaji watu wa kujitolea," mpwa akasema.

Nikamwambia kwamba mimi ndege ninayeweza kumhesabu ni korongo wa Nyayo tu, wale majitu wenye upara wanaokaa juu ya migunga pale karibu na uwanja, kwa kuwa tunajuana. Waliwahi kuniharibia koti nikienda kwenye mahojiano ya kazi, na kazi sikupata, na koti halijarudi rangi yake. Hao nitawahesabu kwa majina.

Akacheka. Akasema korongo watahesabiwa na wengine, na kwamba tayari ameandikisha jina langu, maana fomu ilikuwa inataka mtu mzima mwenye kuandika kwa mwandiko unaosomeka. Nikamuuliza kuna posho? Hakuna. Chakula? Kila mtu abebe chake. Usafiri? Gari litatuchukua mjini saa kumi na mbili asubuhi, litupeleke na kuturudisha.

Hapo nikalegea kidogo. Gari la bure ni gari. Nikaanza hata kuuliza kama ni Naivasha tena, maana yule samaki sikummaliza.

Mpwa akatazama dirishani kwa muda mrefu, kisha akaniuliza navaa gambuti namba ngapi, na ndipo nilipojua tunakwenda kuhesabia wapi.